Shingo Haina Nyonga

Ijumaa ile mwanangu wa mwisho alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni bila kuvua viatu, akaniambia ameshaamua. Jumatatu ataenda kukaa dukani kwa shangazi yake.

Ningekuwa mtu wa kucheza, ningecheza. Wifi yangu alikuwa akimwomba binti huyu tangu alipomaliza chuo cha ufundi, aende akamsaidie kuuza mafuta ya ngozi na nywele za bandia. Kazi ya kivulini, ya kuketi kitini na kuvaa gauni. Nami nilikuwa nimeipigia magoti kazi hiyo mpaka magoti yakaota sugu. Yeye akachagua kutandika vigae. Kutwa kachuchumaa ndani ya suruali, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, anarudi jioni kama mtu aliyefufuliwa.

Sasa dua imejibiwa, nami badala ya kusema asante nikajikuta nauliza kwa nini.

Akanieleza huku anavuta kamba za viatu. Jengo jipya la hospitali lilikuwa limekamilika sakafu zote za chini, na Jumatatu zinaanza ngazi kubwa za mbele, zile atakazozikanyaga kila aingiaye. Fundi mkuu amempa yeye. Hakusema amsaidie fulani, amempa: kupima yeye, kukata yeye, kulaza yeye. Fundi wa vigae hapewi ngazi mpaka mkono wake uaminiwe, maana kigae cha sakafuni kikikosea unaweka kabati juu yake, lakini cha ngazini kikikosea mtu anavunjika mguu. Tatizo ni kwamba anayetandika ngazi yuko juu, ameinama, na amewapa mgongo watu wote wanaopita chini. Na suruali yake, kila akichuchumaa, inaachana na kiuno kwa nyuma. Kule kazini wameshampa jina. Wanamwita Dirisha.

Alilisema jina hilo akicheka. Lakini huyu nimemzaa mimi, nakijua kicheko chake na nakijua cha kuazima.

"Nimefunga sweta kiunoni tangu kazi ianze," akasema. "Sweta, mama, kwa joto hili. Nimechoka."

Suruali hiyo naifahamu, mimi ndiye niliyeifua. Ilikuwa jinzi kubwa, ameibana kwa mkanda wa marehemu baba yake, ule aliouongezea matundu kwa msumari, na kiunoni ilijikunja kama mdomo wa gunia. Mbele imefunga, nyuma imeachama. Nilikuwa nimeliona hilo siku nyingi, nikanyamaza. Nilijiambia, acha imchoshe, atairudisha mwenyewe kwa waliozoea suruali.

Nikaenda kupiga deki jikoni, kazi isiyokuwa na haraka, ili nifikiri. Sakafu ile aliitandika yeye, kwa vigae vilivyobaki huku na huku, vyeupe, vya kijivu na kimoja cha kijani. Ukimwaga maji yanakwenda yenyewe kwenye tundu, hayaulizi njia. Na mtoto huyu hata kanisani hatulii. Wakati akina mama wenzangu wameinua mikono juu wanaomba, na mimi nimeikunja yangu kifuani kama kawaida yangu, jambo ambalo wenzangu huliita unyenyekevu, yeye hugonga sakafu taratibu kwa kisigino, kisha huninong'oneza kwamba kigae hiki hakikushika, chini kuna upepo. Mtu wa namna hiyo utamweka nyuma ya meza auze nywele? Nilimwomba Mungu anionyeshe. Hakuniambia kitu, akaniachia macho yangu.

Nikarudi na tambara mkononi, nikamwekea mkataba. Kesho twende sokoni. Tukipata suruali inayomstiri akiwa amechuchumaa, Jumatatu anakwenda kwenye ngazi zake nami sitatia neno tena, si kuhusu suruali wala kuhusu vumbi. Tusipopata, anakwenda kwa shangazi yake na hatanuna. Akakubali haraka kuliko nilivyotaka. Mimi moyoni nilijua hatutapata.

Na kwa jinsi tulivyoanza, kweli tusingepata. Kwetu sisi suruali hununuliwa kwa shingo. Unafunga kifungo chake, unazungusha kiuno chake shingoni mwa mvaaji, ncha zikikutana kisogoni ni yake, lipa twende. Marehemu mume wangu alinunua hivyo, na baba yake hivyo hivyo, na mimi nikamfundisha binti. Basi tukapita meza kwa meza, namzungushia majinzi shingoni kama ninayemvisha mashada ya maua. Kila muuzaji aliivuta ya kwake kwa mikono miwili kutuonyesha kwamba inanyumbulika. Mmoja alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akatuambia hii hata ukinenepa inakufuata.

Binti alikuwa amevaa sketi pana makusudi, ajaribie chini yake. Zile zilizokubaliana na shingo ziligoma kwenye mapaja, akabaki anaruka ruka kwa mguu mmoja huku nimemshika mkono. Zile zilizopita mapajani zilifika kiunoni zikawa na nafasi ya kuweka mkate. Kwa mwili amechukua upande wangu: kiuno chembamba, halafu chini Mungu hakubania. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo nilivyoanza kuiona ile meza ya wifi yangu, na mtoto nyuma yake, mikono imelala. Ajabu ni kwamba picha hiyo, niliyoipenda kwa muda mrefu, haikunipendeza.

Tulikuwa tumefika mwisho wa safu ya nguo nilipozungusha jinzi nyingine, na sauti ikatoka nyuma ya rundo.

"Mama, samahani. Hiyo suruali ataivaa shingoni?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, ameketi kwenye cherehani, pini zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake kama nishani za askari. Pembeni yake, kati ya nguzo mbili, palikuwa na ufito, na juu ya ufito shuka la maua limening'inizwa mpaka chini. Ndiyo maana sokoni wote humwita Mama Pazia. Kwake nguo haiondoki mpaka ipite nyuma ya pazia. Hata ulie una haraka, hata uwe unamnunulia mtu aliye mbali, atakwambia mlete mwenyewe.

Nikamjibu kwamba kwetu ndivyo tunavyopima. Akaniuliza kwa upole kama kwetu shingo zina nyonga. Nikasema hapana. Akasema basi shingo isiulizwe mambo isiyoyajua. Mwenye umbo la binti huyu ananunua suruali ya nyonga na mapaja, inayopanda juu mpaka karibu na kitovu, na kiuno anakiacha kiwe kikubwa kitakavyo, kwa sababu kiuno hupunguzwa kwa cherehani. Nyonga haziongezwi na mtu.

Binti akanitazama. Nikatazama pembeni. Sikuwa nimesema kwenye mkataba kwamba cherehani hairuhusiwi.

Mama Pazia akampa jinzi ya bluu iliyoiva, nzito, isiyo na mapambo, mifuko ya nyuma mikubwa, akamtuma ndani. Akatoka nayo, akabinywa kiuno kwa nyuma, zikachomwa pini mbili, akarudishwa akavue. Cherehani ikalia kidogo, suruali ikaingia tena nyuma ya pazia. Binti akafungua shuka akajionyesha. Nikiri kwamba ilimkaa. Alionekana mrefu. Mama Pazia akakunja mikono akatabasamu.

Hapo ningeweza kulipa tukaondoka. Lakini mimi kitu kikiwa nusu hakinipi usingizi.

"Kasimama," nikasema. "Ngazi hazitandikwi kwa kusimama. Chuchumaa."

Mama Pazia akaniunga mkono, akasema huyu mama amenena, kioo kinaona wima tu. Binti akarudisha pazia, maana watu walikuwa wanapita, akachuchumaa ndani. Pale ndani palikuwa pa mtu kusimama, hapakuwa pa mtu kuchuchumaa, tena mtu wa nyonga zetu. Pazia likatuna kwa nje kama tanga, rundo la mashati likaporomoka, na ufito ukang'oka kwenye msumari wa upande wangu. Nikaudaka kwa mikono miwili kabla shuka halijaanguka. Nikabaki nimesimama hapo, mikono juu, kama mtu aliyesimamishwa na askari.

"Usitoke," nikamwambia binti. "Endelea. Jongea kama unavyojongea kazini. Jinyoshe kama unafuata kigae."

Naye akaendelea, namsikia anajongea, anapiga hesabu ya ngazi kwa mdomo. Na hapo ndipo sidiria yangu ilipoanza safari yake.

Safari hiyo naijua vituo vyote. Nikiinua mikono tu, inaanza kupanda. Kwanza inatoka mahali pake, halafu inakaa katikati ya matiti, halafu inayapita kabisa na kuniacha na matuta manne mahali ambapo Mungu aliumba mawili. Siku zote dawa yake ni moja, kushusha mikono haraka na kuivuta kwa chini mtu asione. Sasa mikono imeshika ufito, na nyuma ya ufito mtoto wangu yuko katika kazi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nikaanza kukohoa, nikidhani kukohoa kutaishusha.

Mama Pazia hakucheka. Aliinuka, akaushika ufito kwa mkono mmoja, akaurudisha kwenye msumari.

"Shusha mikono taratibu, mama," akaniambia sikioni. "Hiyo sidiria si yako."

Nikamwambia ni yangu, nimeinunua mwenyewe, tena mpya. Akasema haniiti mwizi. Akaniuliza namba hii nilichaguliwa na nani.

Hapo nikaangalia nyuma kama kuna anayesikia, maana si jambo la kusemea sokoni. Lakini alikuwa ameuliza kama mkunga anavyouliza, bila aibu na bila udaku, nikamwambia. Ni mume wangu. Mwaka tuliooana alirudi nyumbani na kifurushi kwenye gazeti, akanipa huku anatazama ukutani, na ndani mlikuwa na sidiria iliyonikaa kana kwamba nimepimwa. Alijivuna kwa hilo maisha yake yote. Kila mwaka alileta nyingine, namba ile ile, akisema ni mwanamume gani mwingine mtaani anaijua namba ya mkewe. Wakaja watoto, nikanyonyesha, mwili ukabadilika ukahamia nyumba nyingine kabisa. Namba haikuhama. Nami sikuthubutu kumwambia, kwa ile furaha yake ya kushika gazeti. Na alipotangulia mbele za haki, nikaendelea kununua namba yake.

"Nikibadilisha," nikasema, "ni kama nimemwambia alikosea."

Mama Pazia aliokota shati moja kutoka chini, akalikung'uta, akalikunja, ndipo akanijibu.

"Hakukosea. Alimnunulia bibi harusi wake. Wewe mnunulie mama wa huyu aliye nyuma ya pazia."

Nyuma ya pazia kulikuwa kumekuwa kimya. Nilikuwa nimemsahau. Kumbe amekwisha kusimama, amesikia kila neno. Akafunua shuka kidogo, akatoa kichwa. Macho yalikuwa yamemlowa kidogo, lakini mdomo ulikuwa wake ule ule.

"Kwa hiyo ule unyenyekevu wa kanisani ni sidiria," akasema.

Nikamwambia aonyeshe suruali, mambo ya wakubwa ayaache. Akatoka, akageuka, akachuchumaa hapo hapo mbele yetu, magoti yamepanuka, mkono umenyoshwa mbele kabisa. Shati lilipanda. Suruali haikuachana naye. Nikazunguka nyuma, nikainama, nikachungulia kama ninayetafuta sindano. Hakuna kitu. Hata kidole kisingepita. Nikawa nimeshindwa mkataba wangu mwenyewe, na nimeshindwa kwa kuchuchumaa nilikoagiza mimi.

"Jumatatu unakwenda kwenye ngazi," nikasema.

Nilidhani atanirukia shingoni. Badala yake akashika shuka, akalifungua, akasimama kando kama bawabu.

"Ingia, mama. Na mimi naweka mkataba. Ikipatikana inayokaa ukiinua mikono, Jumapili unainua."

Nikasema mimi ni mjane, mtu mzima, nani ananitazama. Mama Pazia akasema mficha uchi hazai, na kwamba sidiria si ya watazamaji, ni ya mgongo na mabega. Alikuwa ameshaziona alama za kamba mabegani mwangu, mifereji miwili kama njia za ng'ombe. Nikaingia.

Humo ndani alinifundisha mambo ambayo ningefurahi kuyajua nikiwa msichana. Kwamba mzigo wote unabebwa na ule mshipi wa chini unaozunguka mbavu, na kamba za mabegani ni za kusindikiza tu, nami miaka yote nilikuwa nazikaza hizo kamba kama ninayefunga mzigo kwenye baiskeli. Kwamba vikombe vikiwa vidogo, titi halipati mahali pa kuingia, basi sidiria inapanda juu kutafuta pake. Akanipa moja yenye vikombe vya kina na kamba pana, rangi ya chai ya maziwa. Akaniambia nifunge, kisha niiname mbele nijimwagie ndani, nijipange kila upande kwa mkono, ndipo nisimame.

Nikainama, nikajimwagia, nikajipanga, nikasimama. Nikasikiliza mwili wangu. Palikuwa kimya. Hakuna kilichokuwa kinanikata, hakuna kilichokuwa kinanivuta. Nilikuwa kama mtu aliyekaa miaka na mgeni mwenye kelele, siku moja anaamka mgeni amekwenda zake.

"Inua mikono," binti akaamuru kutoka nje, kwa sauti yangu ile ile.

Nikainua mkono mmoja, nikangoja. Nikainua wa pili. Nikaifikisha juu mpaka vidole vikagusa ufito. Sidiria ilibaki pale ilipoketi, haikushtuka. Nikakaa hivyo kwa muda, nikijifanya bado naipima. Kusema kweli nilikuwa nazungumza kidogo na marehemu. Nilimwambia namba yake ilikuwa nzuri, na kwamba sitaisahau, lakini hainitoshi tena. Sikusikia kama amenuna.

Jumapili nikaketi mahali pangu pa siku zote. Wakati wa maombi ulipofika na akina mama wakainua mikono, niliikunja yangu kifuani kwa mazoea. Binti akakohoa. Nikainua. Jirani yangu, ambaye huwa anaomba amefumba macho kwa nguvu mpaka uso unakunjamana, alifumbua jicho moja akanitazama, akalifumba. Sijui aliomba nini baada ya hapo. Mimi niliomba kwa urefu, kwa sababu nilikuwa na mengi niliyokuwa nimeyafupisha, na mara hii binti yangu hakugonga kigae hata kimoja.

Jumatatu wifi yangu alikuja asubuhi na gauni kwenye mfuko, amemletea mfanyakazi wake mpya. Akakuta mfanyakazi ameshaondoka na ndoo ya zana. Mkanda wa baba yake alikuwa amefungia kifuko cha sponji cha kukinga magoti, maana kiunoni hauna kazi tena. Nikamweleza wifi yote. Alinisikiliza mdomo umebetuliwa. Akasema suruali ya kumstiri mwanamke aliyechuchumaa haijashonwa hapa duniani, na kwamba mimi siku hizi nimekuwa laini. Nikamwambia macho hayana pazia, twende ukaone, nampelekea chakula.

Tulimkuta juu kabisa ya ngazi, ametupa mgongo. Chini walikuwa wanapita watu wa kila aina, wenye mikokoteni, wenye nyaya, wenye mbao. Wifi alisimama katikati ya ukumbi, akainua kidevu, akakagua kama anayechagua nyama buchani. Binti akajongea ngazi moja chini, akachuchumaa, akanyosha mkono mbele kukigonga kigae kwa nyundo ya mpira. Shati likapanda. Suruali ikatulia mahali pake. Mwashi mmoja aliyekuwa anapita na toroli alitazama juu, akasema kwa huzuni kwamba leo dirisha limefungwa.

"Na funguo ninazo mimi," binti akamjibu bila kugeuka. "Pitisha toroli lako upande ule, usinitikisie ngazi."

Mwashi akapitisha upande ule.

Nikamwita mwanangu. Akageuka, akatuona, uso mweupe kwa vumbi, meno tu yanaonekana. Nikamsalimu kwa mikono yote miwili, nimeipeleka juu kabisa, nikaipunga kama mtu anayeita meli. Nikamwona amenitazama kifuani kwanza, kuhakikisha, ndipo akacheka. Kile kicheko chake, si cha kuazima.

Nikamgeukia wifi yangu. Alikuwa ameacha kuitazama ngazi, ananitazama mimi, na mikono yangu, na mahali ambapo hakuna kilichopanda. Kisha nikaona kidole gumba chake kimeingia taratibu chini ya kamba ya bega lake mwenyewe, kinaiinua, kinaipumzisha.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, akihakikisha mwashi yuko mbali. "Huyo mama wa pazia, siku za kazi huwa yupo?"